Visu vya Wazee Wetu na Picha za Wageni

Huko Ulaya na Marekani wako watu wengi wenye kupenda visu. Hawavinunui kwa kukatia nyama wala kwa kupigana. Wanavikusanya, wanavipangusa, wanavitia mafuta visishikwe na kutu, na siku ya mapumziko wanatoka navyo bustanini. Mmoja anavipanga juu ya majani, mwingine juu ya mti ulioanguka, mwingine juu ya jiwe kando ya maji. Kisha wanavipiga picha, na picha hizo wanaonyeshana wao kwa wao, kila mmoja akisifu mali ya mwenzake.

Tungeweza kusema: hayo ni michezo ya watu wenye nafasi, sisi yatuhusu nini? Yatuhusu, sababu visu vingi katika picha hizo si vya huko. Ni vya Uele, vya Kasai, vya Katanga, vya mito ya Ubangi na Lomami. Vilifuliwa na wahunzi wa kwetu, vikashikwa na wakubwa wa kwetu, vikalipa mahari za mama zetu. Leo vinalala juu ya majani ya nchi ya mbali, na chini ya picha pameandikwa maneno mawili matatu: «kisu cha Kongo, cha zamani».

Katika makala hii twataka kuchunguza namna desturi hiyo ilivyoanza, na mambo ambayo picha ya namna hiyo huyaonyesha au kuyaficha. Mwishoni tutasema neno juu ya kazi inayotungoja sisi wenyewe, waseminari, mapadri na makatekista, ambao twakaa karibu na wazee kuliko mtu mwingine ye yote mwenye kalamu.

I. Kisu kilikuwa nini kwa wazee

Yafaa kwanza kuondoa kosa moja. Wengi wakiona kisu cha kale wanafikiri mara vita na damu. Ni kweli kwamba visu vingine vilikuwa vya vita. Lakini kwa wazee wetu kisu kilikuwa na kazi nyingi, na pengine kuua ndiyo ilikuwa kazi yake ndogo.

Tuangalie Bakuba wa Kasai. Mapokeo yao yasimulia kwamba mfalme Shyaam aMbul aNgoong, aliyetawala katika karne ya 17, alikataza kile kisu cha kutupa kilichoitwa shongo, sababu kilileta mauti mengi, akaweka mahali pake kisu kifupi chenye bapa pana kama jani, jina lake ikul. Hicho ndicho kisu cha amani. Mtu mzima alikivaa kiunoni apate kuonekana kuwa mtu wa heshima. Vingine vilichongwa kwa mti mtupu, visivyoweza kumdhuru mtu. Zile sanamu mashuhuri za wafalme wa Bakuba, ziitwazo ndop, zinamwonyesha mfalme ameketi, amekunja miguu, na katika mkono wa kushoto ameshika ikul, mpini wake umeelekea nje. Sanamu ya Shyaam mwenyewe iko London katika British Museum, ililetwa huko na Emil Torday, Mhungaria, aliyefika kwa Bakuba katika safari yake ya miaka 1907 hadi 1909. Basi mfalme huyo, aliyesifiwa kuliko wote, alitaka kukumbukwa na kisu mkononi, na kisu chenyewe ni cha kukomesha vita.

Tushuke sasa mto kutoka Kisangani. Lokele, Topoke na Turumbu walikuwa na chuma kikubwa mfano wa jani la mkuki, chenye urefu kupita mita 1 na nusu. Waliita ngbele au liganda. Hakuna askari angeweza kupigana nacho. Ni kirefu mno na chembamba mno. Kilikuwa mali. Kwacho walilipa mahari, kwacho walimaliza mashauri. Mgeni akikiona katika picha, pasipo mtu kando yake, atafikiri ni silaha ya majitu.

Na kwa Baluba wa Katanga mambo yanakwenda mbali zaidi. Masimulizi yao juu ya mwanzo wa ufalme yanamtaja Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka mashariki, na mwanawe Kalala Ilunga, na yanaweka ufundi wa chuma pamoja na mwanzo wa utawala wenyewe. Wakati wa kumtawaza mfalme kulikuwa tendo lenye kuiga kazi ya mhunzi na fuawe lake, watu wasisahau kwamba mwenye kutengeneza nchi na mwenye kufua chuma ni ndugu.

Twaona basi: kisu kile kile, machoni pa mgeni, ni chuma chenye makali. Machoni pa wenyewe kilikuwa neno. Kilisema nani mkubwa, nani ameoa, nani amepatana na nani.

II. Kalamu kabla ya picha

Mgeni wa kwanza aliyevionyesha visu vya kaskazini mwa Kongo kwa watu wa Ulaya kwa uangalifu mkubwa hakutumia picha. Ni Georg Schweinfurth, mtaalamu wa mimea, mzaliwa wa Riga. Alisafiri kutoka Sudani miaka 1868 hadi 1871, na mwaka 1870 akafika kwa mfalme Mbunza wa Wamangbetu. Ameeleza namna alivyomwona mfalme katika baraza yake kubwa, mwili umepambwa kwa shaba nyekundu, na katika mkono wa kuume kisu kilichopindika kama mundu. Kisu hicho kilikuwa cha shaba tupu. Schweinfurth mwenyewe alitambua kwamba ni pambo la ufalme, wala si silaha ya kupigania.

Mwezi wa Disemba 1870, alipokuwa njiani kurudi, moto uliteketeza kambi alimokaa, na sehemu kubwa ya vitu vyake na maandiko yake ikaungua. Lakini michoro mingi ilisalimika. Mwaka 1875 akatoa kitabu kikubwa, Artes Africanae, chenye kujaa michoro ya vyombo, vinubi, viti, mikuki na visu. Kila kisu kimechorwa kwa mkono, makali, mpini na mapambo yake, na kimewekwa chini ya jina la kabila lake.

Kitabu hicho kilikuwa na sifa kubwa, tusiikane. Lakini humo ndimo ilimoanza desturi ya kukiweka kisu peke yake juu ya karatasi nyeupe, pasipo mkono unaokishika. Mchoraji alifanya hivyo kusudi umbo lionekane vizuri. Waliokuja nyuma walifuata umbo, wakasahau mengine.

III. Sababu ya kutoka nje

Picha za kamera zilifika katika nchi zetu muda mfupi baadaye. Hapo yafaa kueleza jambo la ufundi, maana wengi wanajiuliza: kwa nini vitu vya kale karibu sikuzote vilipigwa picha nje, uani, juu ya mkeka au mbele ya ukuta wa udongo?

Jibu ni jua. Picha za kwanza zilipigwa juu ya kioo kilichopakwa dawa, na dawa hiyo ilikuwa nzito kuamka. Ilihitaji mwanga mwingi. Kwanza kioo kilipakwa dawa papo hapo na kusafishwa kingali kibichi, kazi ngumu sana katika joto na vumbi. Mwaka 1871 Mwingereza Richard Maddox alionyesha njia ya kioo kikavu, na mwaka 1888 George Eastman wa Marekani akaanza kuuza kamera ndogo ya Kodak, ambayo hata asiye fundi aliweza kuibeba. Lakini hata hivyo ndani ya nyumba zetu, zenye mlango mmoja na pasipo dirisha, giza lilishinda. Basi mpiga picha aliwaambia watu: leteni nje. Viti, ngoma, sanamu, visu, vyote vikatolewa nje, navyo mara nyingi ni vitu ambavyo desturi iliviweka ndani, katika nyumba ya mkubwa au katika mahali pa siri.

Tena dawa ile ya zamani iliona rangi ya samawi vizuri, na nyekundu haikuiona karibu kabisa. Kitu chekundu kilitokea cheusi. Basi kisu cha shaba nyekundu kama kile cha Mbunza, ambacho fahari yake yote ilikuwa rangi yake, kingepigwa picha wakati ule kingeonekana cheusi kama chuma cho chote. Heshima yake ingepotea pale pale, pasipo mtu kutaka kuiondoa.

Wapenda visu wa siku hizi wanajua vizuri shida nyingine ya jua. Chuma kilichosuguliwa ni kama kioo: kikipigwa na jua la saa sita kinang'aa mahali pamoja na kuwa giza mahali pengine, na kazi ya mhunzi haionekani. Ndiyo maana wanangoja siku ya mawingu, au wanakwenda penye kivuli cha mti, ambapo mwanga ni mpole na sawasawa. Hapo alama za nyundo zinatokea, na mistari iliyochorwa juu ya bapa inatokea. Ufundi huo ni mzuri, na tutaona kwamba unaweza kutufaa sisi pia.

IV. Kutoka Mpala hadi ukutani Bruxelles

Sasa tusogee Ziwa Tanganyika, mahali ambapo historia hii inagusa historia ya Kanisa letu wenyewe.

Mwaka 1883 ofisa Mbelgiji Émile Storms alijenga boma Mpala, upande wa magharibi wa ziwa. Alikaa huko mpaka 1885. Alifanya urafiki na wakubwa wengine, akapigana na wengine. Adui yake mkubwa alikuwa Lusinga, mtemi wa Watabwa mwenye nguvu na mwenye kuuza watumwa. Mwezi wa Disemba 1884 askari wa Storms walimwua Lusinga, wakamkata kichwa, na mali ya kijiji ikatekwa. Sanamu ya jamaa ya Lusinga ilichukuliwa, na fuvu lake pia likapelekwa Ulaya. Mwaka 1885 Storms alirudi kwao, na boma la Mpala likapewa Mapadri Weupe. Hivyo misioni ya Mpala ilianza katika kuta za boma hilo.

Ipo picha ya sebule ya nyumba ya Storms huko Bruxelles. Ndani yake silaha za Afrika zimepangwa ukutani kwa ustadi, pamoja na sanamu na vitu vingine vya safari yake. Wazungu wa wakati ule walipenda sana mpango huo: mikuki na visu vimetandazwa kama mionzi ya jua, ncha zimeelekea nje, na ngao katikati. Ulitokana na desturi yao ya kale ya kutundika silaha za adui aliyeshindwa. Mwenye nyumba alipokea wageni chini ya silaha hizo, na wote walielewa maana: huyu ameshinda.

Mwaka 1897 kulikuwa maonyesho makubwa ya Bruxelles, na sehemu ya Kongo iliwekwa Tervuren. Vitu vingi vilivyokusanywa na maofisa na mawakala wa Leta vilionyeshwa ndani ya nyumba, na silaha zilikuwamo. Nje, bustanini, walionyeshwa watu: Wakongomani 267 waliletwa kukaa katika vijiji vya kuigiza, watazamaji wapite kuwaangalia. 7 kati yao walikufa, nao wamezikwa karibu na kanisa la Tervuren. Visu na watu walisafiri pamoja, lakini visu ndani na watu nje, na hakuna aliyewauliza hao watu jina la visu hivyo. Kutokana na maonyesho hayo likatokea lile jengo la makumbusho la Tervuren, lililofunguliwa mwaka 1910.

Tunayasema hayo si kwa kuamsha uchungu wa zamani. Tunayasema kwa sababu mpenda visu wa leo, anapopanga visu vyake juu ya majani kama upepeo, ncha nje na mipini katikati, anafuata mpango wa ukuta ule. Yeye hajui. Hana adui, wala hakumteka mtu. Labda alinunua kisu kwa fedha zake halali sokoni. Lakini umbo la picha yake lilifanywa na washindi, nalo linaendelea kusema maneno yao: hizi ni silaha, na wenyewe hawapo.

V. Picha zenye watu

Haki yatudai kusema pia mema. Miaka 1909 hadi 1915 Herbert Lang, mzaliwa wa Ujerumani, pamoja na kijana Mmarekani James Chapin, walisafiri kaskazini-mashariki mwa Kongo kwa ajili ya American Museum of Natural History ya New York. Walitumwa hasa kwa ajili ya wanyama. Lakini Lang alipiga picha karibu 10,000, na nyingi zawaonyesha watu wa Uele: Wamangbetu, Wazande, na jirani zao. Mkubwa Okondo wa Wamangbetu anaonekana katika picha zake, na jina lake limeandikwa. Katika picha kama hizo kisu kiko mahali pake, mkononi mwa mwenyewe au kando yake. Tunaona namna kilivyoshikwa, nani alikishika, katika shughuli gani. Picha moja ya namna hiyo yatufundisha kuliko visu 100 vilivyolazwa chini.

Na hata hapo kuna jambo la kutuonya. Mwaka 1990 Enid Schildkrout na Curtis Keim, waliochunguza vitu na picha za Lang, walionyesha kwamba wageni hawakukusanya tu, walibadilisha pia. Wageni walipenda sana vitu vyenye kichwa cha mtu: mitungi, vinubi, na visu vyenye mpini wa pembe ya ndovu uliochongwa kichwa chenye nywele ndefu za Kimangbetu. Mafundi wakaona, wakatengeneza vingi zaidi, na wakubwa wakavitoa kuwa zawadi kwa wageni. Tusiseme kwamba vitu hivyo ni vya uongo. Fundi aliyevichonga alikuwa Mwafrika kweli, na ustadi wake ni wa kweli. Lakini tujue kwamba kisu chenye sura nzuri kupita vyote katika picha pengine ndicho ambacho mzee wa kijiji hakukivaa hata siku moja.

VI. Majina yaliyopotoka

Sasa tufike kwenye neno zito zaidi. Jambo kubwa linalokosekana katika picha hizo ni jina.

Kile kisu kilichopindika cha Wamangbetu kinajulikana kwa wakusanyaji wa dunia nzima kwa jina la «trumbash». Neno hilo si la Kimangbetu. Schweinfurth mwenyewe ameeleza kwamba ni neno la Kiarabu cha Sudani, lililotumika huko Sennar kwa silaha yo yote ya kutupa ya watu weusi. Yeye alilitumia kwa visu vya kutupa vya Wazande, ambavyo wenyewe wanaviita kpinga. Baadaye wakusanyaji wakalitoa kwa Wazande wakalibandika juu ya kisu cha Wamangbetu, ambacho hakitupwi, na ambacho wenyewe wanakiita emambele. Hivyo kisu cha heshima kinazunguka dunia na jina la silaha nyingine, la kabila lingine, katika lugha ya wafanya biashara. Ni kama mtu aliyeandikwa katika kitabu cha ubatizo kwa jina la jirani yake: kila cheti kitakachotoka nyuma kitarudia kosa.

Mfano wa pili ni ngulu, kile kisu kikubwa cha Wangombe na Wangbandi, upande wa Equateur na Ubangi. Wauzaji wanakiita «kisu cha mnyongaji». Hatukatai kwamba zamani watu waliuawa kwacho. Wasafiri wa karne ya 19 walishuhudia hivyo, na michoro yao ya kutisha ilienea sana Ulaya. Lakini ngulu ilichukuliwa pia na wakubwa kuwa alama ya cheo, na ilichezwa katika ngoma. Kwa nini kazi moja tu imebaki katika jina? Kwa sababu hiyo ndiyo yenye kumshtusha mtazamaji, na kinachoshtusha kinauzwa. Mwaka 1992 kulikuwa Bruxelles maonyesho mazuri ya silaha za Afrika ya Kati, nayo yaliitwa «Beauté fatale», yaani uzuri wenye kuua. Hata wataalamu, twaona, walishindwa kuacha neno la mauti.

Miaka ya karibu fikira zimeanza kugeuka. Mwaka 2018 jumba la Fowler la Los Angeles lilifungua maonyesho juu ya wahunzi wa Afrika. Hapo visu viliwekwa pamoja na majembe, shoka, kengele na fedha za chuma, apate kuonekana mhunzi kabla ya askari. Hiyo ni njia njema.

VII. Picha moja iliyopigwa kaburini

Kuna picha nyingine za nje, ambazo hazikupigwa kwa mapenzi ya visu, nazo zatupa mfano wa kufuata.

Kando ya Ziwa Kisale, katika bonde la Upemba, kuna makaburi ya kale ya Sanga. Miaka ya 1957 na 1958 Jacques Nenquin na Jean Hiernaux waliyachimba kwa utaratibu. Pierre de Maret aliendelea na kazi katika miaka ya 1970. Mengi ya makaburi hayo ni ya miaka karibu 1,000 iliyopita, na mengine yanapita hapo. Ndani yake kuna vyungu, vikuku vya shaba, majembe, visu, na hata fuawe la chuma lililolazwa karibu na kichwa cha maiti katika kaburi moja la bonde hilo.

Mchimbaji wa namna hiyo ana sheria: kitu kisiinuliwe kabla ya kupigwa picha mahali pake. Anasafisha udongo taratibu, anaweka kipimo chenye kuonyesha sentimeta, anaweka alama ya kaskazini, anapiga picha, anachora, anaandika namba. Kisu kinaonekana pale alipokiweka yule aliyemzika ndugu yake. Kimelala ubavuni mwa mtu. Jina la mtu hatulijui, lakini twajua alikuwa mtu mzima au mtoto, tajiri au maskini, na kisu kilimfaa nini. Kwa njia hiyo Baluba wamejua kwamba ufundi wao wa chuma na heshima ya fuawe ni vya kale sana kuliko ufalme wenyewe unaosimuliwa.

Tulinganishe picha hizo mbili. Zote zimepigwa nje, chini ya jua lile lile, na zote zaonyesha kisu kilicholala ardhini. Moja imekitenga na kila kitu ili kipendeze. Nyingine imekiacha pamoja na mwenyewe ili kiseme.

VIII. Kazi inayotungoja

Pengine msomaji ataona kwamba hayo yamekwisha pita. Hayajapita. Kati ya 1976 na 1982 Tervuren ilirudisha Kinshasa vitu 114. Mwezi wa Februari 2022 serikali ya Ubelgiji ilikabidhi serikali yetu orodha ya vitu karibu 84,000, na tarehe 3 Julai 2022 ikatoka sheria yao juu ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa vibaya. Kinshasa imekuwa na jumba jipya la makumbusho tangu 2019. Basi siku moja visu vitarudi, vichache au vingi. Vitakapofika, nani atavipokea kwa majina yao? Mtu aliyerudi kwao baada ya miaka 100, na hakuna anayemkumbuka jina, amerudi wapi?

Chuma kinaweza kukaa Tervuren miaka mingine 100, wala hakiozi, wanakitunza vizuri. Jina halitunzwi huko. Jina liko katika kichwa cha mzee mmoja wa Uele, cha bibi mmoja wa Isangi aliyeona ngbele ya mwisho ya mahari, cha mhunzi mmoja wa Malemba-Nkulu ambaye mivukuto yake imepasuka tangu mapanga ya dukani yalipoenea. Huyo mzee akizikwa na jina limezikwa.

Nani basi atamfikia? Wataalamu ni wachache na safari ni ghali. Lakini katekista yuko katika kila kijiji, padri anapita kila kituo cha misioni, na mseminari anarudi kwao kila likizo. Karibu kila mmoja wetu ana simu yenye kupiga picha. Tunashauri hivi, kwa maneno machache.

Kwanza, uombe ruhusa kwa mwenye kitu na kwa mkubwa wa jamaa. Kitu ambacho desturi inakificha, kiache kimefichwa. Andika tu kwamba kipo, kama wenyewe wanakubali. Usitangaze mahali kinapowekwa, sababu wanunuzi na wezi nao wanasoma.

Pili, utoe kisu nje, lakini si juani. Ukiweke kwenye kivuli cha mti au cha baraza, asubuhi au siku ya mawingu. Usikisugue kwa mchanga wala kwa limau. Weusi wake ni sehemu ya umri wake. Weka kipimo kando yake. Piga upande wa kwanza, upande wa pili, mpini, na ala.

Tatu, piga picha moja mwenyewe amekishika, kwa namna wazee walivyokishika. Hiyo ndiyo picha iliyo kubwa kupita zote.

Nne, andika siku ile ile, usingoje kesho: kisu hiki kinaitwaje katika lugha ya hapa? Nani alikifua, na alijifunza kwa nani? Nani alikuwa na ruhusa ya kukivaa, na nani alikatazwa? Kilitumika kazi gani, katika arusi, katika mashauri, katika kilio, katika kutawaza? Kimefikaje mikononi mwa huyu anayekishika leo? Uandike jina la mzee aliyekujibu, na tarehe.

Kazi hiyo si mpya katika seminari zetu. Tumeitaja Mpala, mahali ambapo Storms alifunga mizigo ya silaha zake. Katika nchi hiyo hiyo ya Watabwa, kwenye milima ya Marungu, alizaliwa Stefano Kaoze. Miaka 1910 na 1911, akiwa bado mseminari, aliandika juu ya fikira na desturi za watu wake, na maandiko yake yakachapwa katika La Revue congolaise kwa jina la «La psychologie des Bantu». Tarehe 21 Julai 1917 alipewa upadri huko Baudouinville, ambayo leo ni Kirungu karibu na Moba, akawa padri wa kwanza wa Kongo katika nyakati zetu. Storms aliondoka Marungu na vitu pasipo maneno. Miaka 25 baadaye mwana wa nchi ile alianza kuyaandika maneno. Hakuwa na kamera. Alikuwa na daftari, na lugha ya mama yake, na wazee waliokuwa bado hai.

Wapenda visu wa ng'ambo wataendelea kupiga picha bustanini, na hatuwachukii. Wengine wao wanatamani kabisa kujua kisu chao kilitoka wapi, nao hawana wa kumwuliza. Tukiandika sisi, nao watasoma. Likizo iko karibu. Kila mmoja arudi kwao na swali moja kwa mzee mmoja juu ya kisu kimoja, na majibu yaletwe katika gazeti hili.